Ganda la Ufunguo Alilolivaa Shangazi Shingoni

Baba,

Gari yako imewaka leo asubuhi. Nakuambia hilo kabla hata ya salamu, kwa sababu nakujua: ungeuliza habari ya gari kwanza, halafu ya wajukuu, halafu ndiyo yangu. Imewaka mara moja, bila kukohoa, moshi wake ukaenda mpaka kwenye mikaratusi ya jirani. Nikaegemea usukani nikalia. Kisha nikajifuta uso kwa kile kitambaa chako cha njano cha kufutia kioo, ambacho Mama alikuomba miaka yote ukitupe. Msalimie huko mliko. Mwambie bado kipo na bado kinanuka mafuta.

Tangu tulipokulaza kaburini, mengi yamebadilika, na mengine sitaki hata kuyaandika. Vita vile tulivyokuwa tukivisikia redioni kama habari za watu wengine vimesogea mpaka karibu na Beni. Watu wanafika Butembo na magodoro kichwani, wengine na mlango wa nyumba mgongoni, wanalala katika madarasa na katika vyumba vya parokia. Bei ya muhogo imepanda. Batiki nazishona bado, lakini siku hizi wateja wanaleta zaidi nguo za kilio. Na dada yako Kahindo alikuwa kule, peke yake, upande wa njia ya kwenda Oicha, anageuza kakao yake kwenye turubali kana kwamba hakuna kitu. Barua hii ni ya ufunguo, Baba, lakini usipomwona dada yako ndani yake hutaielewa.

Unaukumbuka ufunguo wako ulivyokuwa. Kidole gumba chako kiliula mpaka mpira wa vitufe ukatoboka, ukawa unabonyeza kwa kijiti cha kiberiti. Ganda lilipopasuka ubavuni ulilifunga kwa ukanda wa mpira wa ndani wa tairi, juu yake ukazungusha uzi wangu mweusi wa kushonea suruali, uzi mzuri, ulioniibia bila kuniomba. Abiria wa Beni walikuwa wanakucheka. Ulikuwa unawajibu kwamba mgonjwa akifungwa bendeji hajafa. Ganda jipya ulikuwa umeshalinunua, katika yale maduka ya vitu vya Dubai, nalo lilikuwa limelala ndani ya gari pamoja na karatasi zako na peremende za kikohozi. Ulisema, "Masika, weye unashonaka mpaka kitu haionekane. Siku moja utanitengenezea hii." Nikasema sawa, siku moja. Ugonjwa ukafika kabla ya siku hiyo.

Kwa hiyo wakati wa kilio, uani umejaa watu na sufuria, mimi nikaingia ndani nikafunga mlango, nikafanya kazi uliyonipa. Nilikuwa nahitaji kitu cha mikono yangu. Kulia nilikuwa nimelia, na kuambiwa "pole" kulikuwa kumeanza kunichosha kuliko kufiwa kwenyewe.

Nilitandika kitambaa cheupe kwenye meza ya kukatia, ili chochote kitakachoanguka kionekane. Nikakata ule uzi wangu, nikafungua bendeji yako ya mpira. Ganda lina mshono, Baba, kama nguo. Vipande viwili vinakutana pembeni, na ukipitisha wembe taratibu kwenye mstari ule, bila kulazimisha, vinaachana vyenyewe. Ndani mlikuwa na kibao kidogo cha umeme, chembamba kuliko kidole changu, na betri ya duara, na vumbi la njia yote ya Beni. Kibao nilikishika pembeni tu, kama mtu anavyoshika picha. Nilikifuta kwa pamba na tone la spiriti. Ule ulimi wa chuma, wenye meno, unashikwa na kipini kimoja. Nilikisukuma kwa msumari wa kiatu, ukatoka, nikauhamishia kwenye ganda jipya. Kibao ndani, betri ndani, mpira mpya wa vitufe juu. Nikabana. Likalia ka! kama kifungo cha koti.

Kwenye kona ya ganda kuukuu niliona kitu cheusi kidogo, kama punje ya mchele iliyoungua, kimeshikwa na gundi. Nikadhani ni gundi yenyewe iliyokauka. Nikaiacha pale pale.

Halafu nikabonyeza, nikiwa dirishani, nijaribu tu. Gari ikajibu uani. Taa zote zikawaka na kuzimika, ikapiga kelele yake mara mbili, katikati ya watu waliokuwa wanasali rozari. Bibi mmoja alimwaga chai. Mwingine alipiga ishara ya msalaba akasema umerudi. Kaka yako Paluku akainuka na fimbo yake.

"Ni nani anaamusha gari ya mufu?"

Nilitoka na ufunguo mkononi, nacheka na kulia kwa pamoja, nikamwonyesha. Aliugeuza, akaukubali, lakini akasema gari isiwashwe mpaka kilio kiishe. Unajua ilivyo kwetu. Hata pikipiki ya Babu, alipokufa, ulikataza wewe mwenyewe isilie, mkaifunika na shuka kama mtu. Nami sikubisha. Milango ilikuwa inafunguka, milango ilikuwa inafungwa, nikaamini kazi imekwisha. Nikaifunika gari yako na shuka la maua.

Siku ya kumaliza kilio tuligawa vitu vyako. Koti la mvua lilikwenda kwa Paluku, redio kwa parokia kama ulivyotaka, viatu nimevibakiza kwa sababu sikuweza. Kahindo hakutaka kitu chochote tulichompa. Alizunguka chumba kama mtu anayetafuta sindano, akafika kwenye meza yangu, akaokota lile ganda kuukuu lenye matundu.

"Mi munipe hii. Kidole yake iko humu."

Paluku alitaka kucheka, akaacha. Ni kweli, Baba, ukilishika unasikia bonde pale kidole chako kilipokaa. Kahindo ndiye aliyekufuata kuzaliwa, msichana baada ya wavulana watupu. Ulimbeba mgongoni mpaka akawa mzito kuliko wewe, mlikuwa mnatusimulia wenyewe. Akalibana vizuri, akalipitisha kwenye kamba ya rozari yake, akalivaa. Kesho yake akarudi Beni, kwa sababu kakao haingoji mtu amalize kulia.

Ndipo vita vikasogea.

Nilikuwa nampigia simu kila siku. Kuna siku mtandao ulikubali, kuna siku haukukubali, na siku ambazo haukukubali nilishona vibaya. Nilimsihi aje. Nilimwambia majirani zake niliwaona mimi hapa kwenye soko wananunua masufuria mapya. Akanijibu jibu lile lile.

"Mi nilishakimbia mara moja, Masika. Nilirudi nikakuta hata mulango bamebeba. Na bwana yangu tulimuzika ku barabara, leo fasi yenyewe siijue. Sikimbie tena. Nikikufa, banikute ku nyumba yangu."

Unakumbuka mara ile. Ulikwenda kumchukua wewe, na hukupenda kuizungumza. Mtu aliyewahi kurudi akakuta shimo mahali pa mlango, utamwambia nini kwenye simu? Paluku alijaribu ukali, akakatiwa. Padri alijaribu upole, akabarikiwa yeye. Basi nikaamua: nitakwenda na gari, nitamtia ndani kwa maneno au kwa mabavu, nitarudi naye. Usukani umenifundisha wewe mwenyewe, kwenye kiwanja cha Rughenda, watu wakisimama kutazama mwanamke anayeendesha huku baba yake anapiga kelele. Sikuogopa njia. Niliogopa tu kuchelewa.

Nikaondoa shuka la maua. Nikabonyeza, milango ikafunguka. Nikaingiza ufunguo, nikazungusha. Injini ikawaka muda wa kupiga chafya, ikazima. Nikazungusha tena, ikazima tena. Kwenye dashibodi kulikuwa na kitaa chekundu chenye picha ya ufunguo, kinapepesa. Tukachaji betri. Vijana wa mtaa wakasukuma mpaka barabarani, wakatoka jasho, ikakataa. Nikamleta fundi wa Rughenda, yule mnene uliyekuwa unamwita daktari. Akainama, akasikiliza, akaomba ufunguo, akaufungua kwa ukucha, akaniambia kama mtu anavyomwambia dada yake mkubwa:

"Yaya, hii funguo haina kijiwe."

Nikauliza kijiwe gani. Akanieleza kwamba ndani ya ganda huwa kuna kijiwe kidogo cheusi, na gari kabla ya kuwaka inakitafuta kijiwe chake. Ikikikosa, inakataa, hata meno ya ufunguo yakiwa yale yale. Milango haina habari nacho. Injini ndiyo inayokidai. Akauliza ganda la zamani liko wapi.

Nilikaa juu ya tairi la akiba nikacheka, Baba, cheko baya. Ganda lilikuwa Beni, shingoni mwa mtu yule yule niliyetaka kwenda kumchukua.

Fundi akasema kuna njia nyingine: kuagiza kingine Kampala, na kungoja. Ngojea tu, Yaya, akasema, siku hizi mizigo inachelewa. Nikamshukuru. Nikarudi ndani nikatia wembe wangu, bisibisi ndogo na kitambaa cheupe ndani ya sakoshi yangu ya begani.

Na usiku ule nilikuwa nakusikia wewe. Kila safari, abiria wameshakaa, kuku wameshafungwa, ulikuwa unageuka nyuma unauliza: "Hakuna mutu ameacha kitu nyuma?" Hata ukinipeleka mimi sokoni tu, mimi peke yangu na mkoba mmoja, uliuliza. Nilikuwa nakuiga mbele ya rafiki zangu, tunacheka mpaka machozi. Basi safari hii aliyeacha ni mimi.

Nilipanda pikipiki asubuhi, ukungu ungali umekaa juu ya Butembo. Mwendeshaji alikubali, akakataa, akakubali tena nilipomwambia ni kumchukua mzee. Tukateremka, joto likaanza kupanda, na watu wakaanza kuonekana. Wote walikuwa wanakuja upande wetu. Mama na mbuzi. Mwanaume anasukuma tshukudu yake ya mbao ya magurudumu mawili, juu yake bibi amekaa kwenye kiti cha plastiki, ameshika mwavuli, ametulia kabisa. Hakuna aliyekuwa anaelekea tulikoelekea. Mwendeshaji akageuza kichwa.

"Mama, batu banatoka, siye tunaingia? Kweli?"

"Endesha," nikamwambia.

Kwenye kizuizi askari aliniuliza kwa Kilingala, "Mama, okei wapi?" Nikasema Beni. Akauliza kwa nini. Nikamwonyesha ufunguo, nikasema nakwenda kuchukua kipande chake. Akaniangalia muda mrefu, akamwita mwenzake aje aniangalie naye. Wakatuachia. Nadhani waliona mwendawazimu hana hatari.

Nilimkuta dada yako amevua viatu, anapita na miguu ndani ya kakao, huku na huku, kuigeuza. Nyumba za jirani zilikuwa na makufuli. Mbali, upande wa msitu, ulisikika mlio kama wa mtu anayetwanga, ukanyamaza. Yeye hakuinua kichwa kwa ule mlio. Aliinua aliposikia pikipiki.

"Masika! Ni nani tena amekufa?"

"Hakuna mutu amekufa, Tantine. Gari inakatala kuwaka."

Akasimama katikati ya kakao yake, mikono kiunoni. "Umekuja huku kote sababu ya gari?"

Sikutaka kumdanganya. Nikasema nimekuja kwa ajili yake, na gari ndiyo ingenileta, na gari haiwaki kwa sababu kijiwe chake kiko ndani ya kile alichovaa. Nilieleza yote kama fundi alivyonieleza. Alisikiliza, mkono wake ukapanda taratibu mpaka shingoni, akalifunika lile ganda.

"Hii? Hapana. Hii hapana toka ku shingo yangu."

"Ganda nakurudishia, Tantine. Natosha tu kijiwe, itoke inje, basi."

"Utatosha vile ulitosha ile siku?" Akanijia karibu, vumbi la kakao mpaka magotini. "Ulifungua, ukafunga, ukasahau kitu ya maana ndani. Na leo unataka ufungulie huku, mu upepo, kijiwe ianguke mu kakao yangu tuanze kutafuta kama kuku? Hapana, mutoto wangu. Itafunguliwa ku meza yako, mbele ya gari, na mi niko naangalia na macho yangu mbili."

Baba, sakoshi ilikuwa begani mwangu. Wembe ulikuwamo. Kitambaa cheupe kilikuwamo. Ilikuwa kazi ya dakika, pale mlangoni pake, kwenye kiti. Nilikuwa nimeshaanza kuvuta zipu. Nikairudisha.

"Sawa, Tantine," nikasema. "Basi twende."

Aligeuka. Alitazama turubali, akatazama njia, akatazama juu kama mtu anayeangalia kama itanyesha. Mwendeshaji hakuzima injini. Nilijua nikisema neno moja la ziada, neno la vita, neno la usalama, atarudi ndani ya kakao na sitamtoa tena.

"Nisaidie kukusanya," akasema.

Tukakusanya kakao tukaijaza magunia, tukaingiza ndani. Alifunga mlango kwa kufuli. Akatembea hatua chache, akarudi, akafungua, akaitoa kufuli akaitia kwenye mfuko wa sketi yake. Mlango akaurudishia tu kwa mkono.

"Wangeukuta umefungwa wangeuvunja," nikasema.

"Njo maana. Baingie, batoke. Kakao bataiba, itazaa ingine. Mulango mi nitaukuta."

Jirani mmoja alikuwa anapita na mzigo, akasimama akashangaa. "Mama Kahindo! Hata weye unakimbia?"

Ungemwona alivyojinyoosha.

"Mi? Mi sikimbie. Ninapeleka funguo ya kaka yangu Butembo."

Akalirudia neno hilo njia nzima. Alikaa katikati, baina yangu na mwendeshaji, na kuku jike mapajani, kwa sababu kuku hakukubali kumwacha. Kila tuliyempita akamsalimu, yeye alimjibu kwa sauti juu ya injini kwamba anapeleka funguo. Kwenye kizuizi, kabla askari hajafungua mdomo, akaliinua ganda pamoja na rozari akamwonyesha. Yule askari akanitambua. Akafungua njia, akapiga saluti. Nadhani alikuwa anatania, lakini dada yako aliipokea kama ya kweli.

Mvua ilitukuta juu, karibu na kufika. Tuliingia Butembo tumelowa kama matambara. Paluku alikuwa anangoja mlangoni, alipomwona alitaka kuanza hotuba, nikamkonyeza. Akasema tu karibu, akampa koti lako la mvua. Alilivaa mpaka wakati wa kulala, ndani ya nyumba.

Leo asubuhi nilitandika kitambaa cheupe. Tuliivuta meza mpaka uani, mbele ya gari, kama alivyoamuru. Akajivua kamba kwa mkono wake, akaliweka ganda katikati ya kitambaa, akainama karibu mpaka pumzi yake ikawa inanipiga kwenye vidole. Nikapitisha wembe kwenye mshono. Kijiwe kilikuwa pale pale kwenye kona yake. Sikukigusa kwa chuma. Nilipasha joto gundi kwa kijiko kilichotoka kwenye chai, nikakisukuma kwa kichwa cha kijiti cha kiberiti, kama kile ulichokuwa unabonyezea. Kikaanguka kwenye kitambaa cheupe, kidogo, cheusi, kizima. Ndani ya ganda jipya kuna chumba chake, Baba. Nilikuwa nimekiona mara ya kwanza nikajiuliza ni cha nini. Tone moja la gundi, kikakaa. Nikabana. Ganda kuukuu nikalibana nalo, nikamrudishia, akalivaa kabla ya kitu kingine chochote.

Tukaingia garini, mimi kwenye usukani kulia, yeye upande wa pili, kuku nyuma. Niliweka ufunguo. Bila kufikiri nikageuka nyuma, kwenye viti vitupu, nikauliza: "Hakuna mutu ameacha kitu nyuma?"

Dada yako akageuka nyuma naye. Kisha akasema, "Tumeacha kakao. Washa tu, tutairudilia."

Nikazungusha, na hiyo ndiyo habari niliyokuanzia nayo.

Nilipomaliza kulia na kitambaa chako cha njano, yeye alikuwa anatazama mbele, kwenye mikaratusi, anachezea ganda kwa kidole gumba, pale penye bonde lako.

"Wembe ilikuwa mu sakoshi yako," akasema.

Nikakikunja kitambaa cha njano.

"Wakati ulivuta zipu, niliiona. Na kitambaa niliiona."

"Mbona haukusema, Tantine?"

"Na weye, mbona haukusema?"

Injini ilikuwa inanguruma. Halafu akasema polepole, kama anazungumza na wewe: "Mutu asiseme nilikimbia."

Hatasema, Baba. Mimi nitahakikisha.

Sasa amenituma nimalize barua, gari isikae bure. Mchana tunashuka kwenye njia ya Beni, mpaka pale askari wataturuhusu, kuchukua wale wanaotembea kwa miguu. Yeye anataka kukaa mbele. Anasema watu watamwamini wakimwona, na kwamba lazima aulize habari za mlango wake. Paluku amekataza, kwa hiyo tunaondoka kabla hajarudi kutoka kanisani. Viti nimevifuta. Peremende zako za kikohozi nimeziacha mahali pake, kuna watoto njiani.

Nakukosa vibaya. Nakukosa hasa wakati wa kufunga milango jioni, nikisikia gari inapiga kelele yake mara mbili, mwili wangu unataka kuinuka kukupakulia chakula. Sijui kama hilo litaisha. Sitaki sana liishe.

Lakini nakuahidi: gari hii sitaiuza na haitalala tena chini ya shuka. Na siku njia itakapotulia, mimi mwenyewe nitamrudisha dada yako, mchana, watu wote wakiona, mpaka mbele ya mlango wake. Kufuli anayo mfukoni. Hata leo, tumekaa kula, niliisikia inagonga kiti.

Pumzika, Baba. Wasingya, asante, kwa usukani.

Binti yako,
Masika